Mtakatifu Mwenye Ndege Kichwani

Juzijuzi nilipita sokoni wakati belo la mitumba linafunguliwa. Ninyi mliokulia Songea mkivaa makoti ya watu msiowajua mnaifahamu harufu ile: dawa ya nondo, vumbi la safari ndefu, sabuni ya nchi ambayo hatutaiona, na kitu fulani kinachofanana na kabati la bibi. Kijana mwenye kisu alikata zile kamba ngumu za plastiki, belo likavimba na kujimwaga, na kabla sijajua nafanya nini mkono wangu ulikuwa umeshazama kwenye mfuko wa jaketi la buluu. Yule kijana akanitazama kwa jicho baya. "Mama, unatafuta saizi au unatafuta nini?" Nikautoa mkono, nikacheka peke yangu, na kwa aibu nikalinunua lile jaketi ingawa halinienei. Mfukoni hamkuwa na kitu.

Nimelelewa katika nyumba ambayo mifuko ilikaguliwa. Mkaguzi mkuu alikuwa Shangazi Skolastika, dada yake baba, ambaye sisi watoto tulimfupisha tukamwita Shangazi Skola. Alikuwa ameolewa Mbinga, akarudi na sanduku moja, na hakuna aliyewahi kupata maelezo zaidi ya hayo. Baba alimpa chumba cha uani. Yeye akatafuta mtaji wake, akaanza kuuza mitumba, na ndani ya muda mfupi akawa mtu ambaye wanawake wa mjini walimtafuta kwa jina walipotaka sweta la maana.

Wenzake walifungulia mabelo yao sokoni. Shangazi Skola lake alilifungulia nyumbani, asubuhi, juu ya turubai lililotandikwa uani, mimi nikiwa nimechuchumaa pembeni na meno hayajapigwa mswaki. Alikuwa na kanuni moja ambayo hata baba hakuthubutu kuivunja: hakuna nguo inayokwenda kwenye fungu lake kabla mifuko haijaingizwa mkono. Kwanza mifuko ya nje, kisha ya ndani, kisha ule mfuko mdogo wa siri ambao makoti ya wazungu huwa nao karibu na kwapa. Zilitoka tiketi za mabasi, vitambaa vya kufutia pua, vifungo, peremende zilizoyeyuka zikagandana na karatasi yake. Siku moja ulitoka ufunguo, na Shangazi akaushika muda mrefu akisikitika kwa ajili ya mtu aliyelala nje huko kwao.

Na zilitoka sarafu. Si kila mara, na hiyo ndiyo raha yenyewe. Mabelo mawili matatu yangeweza kupita bila hata moja, tukawa tunakunja suruali kwa unyonge kama watu waliotoka msibani, halafu ghafla Shangazi angenyamaza na mkono wake ukiwa bado ndani ya koti. Nilijua ule ukimya. Nilijua kwamba vidole vyake vimeshagusa kitu cha duara na kwamba anakichelewesha makusudi, anakizungusha mle gizani akijaribu kukisoma kwa kucha. "Bashiri," ananiambia. Mimi nabashiri mfalme, au samaki, au mti. Ndipo anautoa mkono na kuufungua polepole.

Zote zilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga, lile lenye kifuniko kinachobanduliwa kwa mpini wa kijiko. Jumapili baada ya Misa na chakula cha mchana, kopo lilimwagwa juu ya mkeka. Kulikuwa na sarafu yenye kinubi, yenye jani kubwa, yenye mwanamke anayepanda mbegu huku upepo unamvuruga nguo. Malkia mmoja alikuwepo mara nyingi, akiwa msichana hapa, mama mzima pale, bibi kule, na mimi nilimpanga kwa umri nikimwona anazeeka juu ya mkeka wetu. Zilikuwepo pia za kwetu zilizokwisha kukataliwa madukani: ile ya senti tano yenye samaki, ya senti ishirini yenye mbuni, na sungura wangu mpendwa wa senti hamsini, aliyekuwa amekwanguka sikio kwa kupita mikononi mwa watu. Niliwafanyia harusi. Sungura alioa malkia mara kadhaa na kila mara kinubi ndicho kilichopiga muziki.

Watu hawakumwelewa Shangazi kwa jambo hili. Mama yangu, aliyempenda sana wifi yake, alikuwa akipita na ndoo kichwani na kusema, "Wifi, hela ambayo hata chumvi hainunui unaitunza ya nini?" Shangazi hakujitetea, maana hakuwa mtu wa kujitetea. Alijibu, "Wifi yangu, ile inayonunua chumvi inalala kwangu usiku mmoja, asubuhi imekwenda. Hii imetembea ikachoka ikaja kukaa. Na mimi napenda wageni wanaokaa." Mama alicheka hadi maji yakammwagikia. Ila mimi nililichukua neno hilo kama lilivyo, na tangu siku hiyo kila sarafu kwangu ilikuwa mgeni aliyefika kwetu kwa miguu, mwenye njaa na kiu, na kabla ya kulala nilikuwa nalitikisa kopo kidogo kuwasikiliza kama wanaendelea vizuri.

Rupia ilifika kwenye msimu wa baridi. Mnaijua baridi ya Songea ya mwezi wa saba, ile inayokufanya uongee na moshi unatoka mdomoni. Nilikuwa na Shangazi mezani kwake sokoni, shule zikiwa zimefungwa, akaja bibi mmoja kutoka Maposeni akiwa amemshika mkono mjukuu wake wa kike. Mtoto alikuwa na kikohozi kinachotoka mbali. Walisalimiana kwa Kingoni, "Monile, mama," "Monile," kisha yule bibi akaenda moja kwa moja kwenye koti jekundu la mtoto lenye kofia, akalibana mabegani mwa mjukuu, likamkaa kama alishonewa. Halafu akalivua, akalirudisha mezani, akaanza kuaga.

"Bibi, mwache avae," Shangazi akasema. "Tutaongea siku nyingine."

"Sichukui kitu cha bure, mwanangu. Mahindi yamekwenda yote hospitali." Akasimama kidogo, akafungua fundo la kanga yake kiunoni. Hakikuwa kitu kinachong'aa. Kilikuwa kizito na cheusicheusi, kikubwa kuliko sarafu yoyote ya kopo letu. "Hii ni rupia. Babu yangu mzaa baba alimbebea Mjerumani mzigo kutoka hapa hadi pwani, akalipwa hii. Hakuila mpaka anakufa. Alisema miguu yake imo humo ndani."

Shangazi aliipokea kwa mikono miwili. Namkumbuka hasa kwa hilo, kwa sababu hata komunyo siku hizo ilikuwa inapokelewa kwa ulimi. "Kama hakuila yeye, siwezi kuila mimi," akasema. "Nakutunzia, bibi. Siiuzi. Ukitaka kuiona, njoo uione." Yule bibi akaitikia kwa kichwa, akamvika mtoto koti, wakaondoka, na lile jekundu tuliliona likienda mpaka kwenye kona ya stendi.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo akili yangu ya utoto ilipoingia mtaroni. Jioni ile Shangazi aliifuta rupia kwa pindo la kanga, akaniwekea kiganjani. Nikaona mwanamume mwenye masharubu yaliyopinda kwenda juu, uso umegeukia pembeni, na juu ya kichwa chake, juu kabisa, ndege amekunjua mabawa. Mimi nilikuwa mtoto wa mafundisho ya komunyo ya kwanza. Kanisani kwetu ukutani kulikuwa na picha ya Yesu akibatizwa mtoni, na juu ya kichwa chake yuko njiwa. Katekista wetu alishatuambia kwamba yule si njiwa hivihivi, yule ni Roho Mtakatifu. Sikuhitaji kumuuliza mtu. Mwanamume aliyetuliwa na Roho Mtakatifu kichwani mpaka wakamchora hivyo kwenye fedha hawezi kuwa mtu wa kawaida. Ni mtakatifu, tena wa daraja la juu, na ameamua kuja kukaa nyumbani kwetu.

Sikumwambia yeyote. Nilimpa jina, Mtakatifu Mwenye Ndege, nikaanza kumwomba. Nilimwomba mambo yaliyo ndani ya uwezo wake: mwalimu asikague kucha leo, mbwa wa jirani awe amefungwa, mama asahau kwamba nimevunja kikombe. Alinijibu mara nyingi kuliko watakatifu wengine wote niliowajaribu. Kila nilipopata nafasi nilikibandua kifuniko, nikambusu kwenye ndege, nikamrudisha chini ya malkia na sungura. Bado naikumbuka ladha yake mdomoni, kama maji ya kisima yaliyokaa kwenye sufuria usiku kucha.

Habari za rupia zikamfikia Baba Mdogo Gaudensi. Huyu alikuwa mdogo wake baba na Shangazi, mtu mcheshi, mwema, mwenye mipango mingi kuliko suruali. Wakati ule mpango ulikuwa mashine ya kusaga. Alikuwa ameshapata eneo, ameshapata jina la mashine, kilichobaki ni mashine. Siku moja akaja ametokwa na jasho, akamwita baba pembeni, na pembeni kwake hakukuzuia sauti yake kusikika nyumba nzima. Kuna mtu, akasema, amekuja kutoka mbali, ananunua rupia za Mjerumani. Si zote. Anataka zile zenye nguvu, zinazovuta mchele. Ukiiweka rupia ya namna hiyo karibu na mchele, punje zinaifuata zenyewe. Hiyo moja, kaka, inanunua mashine, inajenga banda la mashine, inakubakizia na ng'ombe.

Ninyi wa rika langu mmewahi kuzisikia habari hizi. Kila mtaa ulikuwa na mtu aliyemjua mtu ambaye shemeji yake aliona mchele ukitembea. Hakuna aliyeuona mwenyewe, na hilo halikumpunguzia mtu imani.

Baba alimwita Shangazi sebuleni. Nilijibanza nyuma ya mlango wenye pazia. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kaka, ile rupia niliahidi."

"Uliahidi kwa nani? Kwa mteja?" Baba Mdogo akaruka. "Dada, unakaa kwenye nyumba ya kaka, unakula kwenye nyumba ya kaka, halafu utajiri wa ukoo unaufungia kwenye kopo la maziwa!"

Neno la kukaa na kula lilikuwa limetoka, na halikuweza kurudi. Niliichungulia miguu ya Shangazi chini ya pazia. Haikusogea. Alipoongea sauti yake ilikuwa ileile aliyotumia kumtajia mteja bei ya mwisho. "Gaude, kopo ni langu na yaliyomo ni yangu. Lakini kaka ndiye mkubwa wetu, na sitaki aulizwe na watu kwa nini aliunyima ukoo mashine. Mlete mtu wako. Aweke mchele. Ikivuta, kaka aamue. Isipovuta, hakuna atakayeigusa tena rupia yangu wala kunitajia, mpaka nife."

Baba akatazama huku na huku, akasema na iwe hivyo.

Mimi nilikimbilia uani nikiwa nimeshikwa na hofu ambayo sijaisahau. Fikirini hesabu yangu ilivyokuwa. Shangazi alidhani anacheza na kipande cha fedha. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kuwa mle ndani mna mtakatifu mwenye nguvu za kweli. Mtu aliyefunga mbwa wa jirani angeshindwa kuvuta mchele? Angeuvuta wote, na gunia pia. Na akiuvuta ataondoka na mgeni, Shangazi atakuwa mwongo mbele ya yule bibi wa Maposeni, na ataendelea kukaa na kula kwenye nyumba ya kaka. Nikaliomba kopo kwa machozi. "Mtakatifu Mwenye Ndege, wewe ni hodari, nakujua. Nakuomba siku hiyo usifanye kitu. Kaa kimya tu. Usijionyeshe."

Mgeni alifika mchana wa Jumamosi na viatu vyenye ncha na brifkesi iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Majirani walijitokeza wenyewe kama wanavyojitokeza. Ungo uliwekwa barazani juu ya kigoda, mchele ukamwagwa na kutandazwa, na mgeni akaipokea rupia, akainusa, akaizungusha karibu na sikio, akailaza katikati ya ungo kwa ncha za vidole. "Asiongee mtu," akasema.

Baba Mdogo alikuwa ameinama mpaka pua yake nayo ilikaribia kuwa sehemu ya mtihani. Shangazi alikaa kwenye kiti chake amekunja mikono kifuani, akitazama jambo hilo kama anavyotazama mteja anayejaribu koti lisilo saizi yake. Mimi nilikuwa nimefumba jicho moja. Muda ukapita, kuku akaja akafukuzwa, na nikaanza kuamini kwamba nimesikiwa.

Ndipo punje moja ikatingishika.

Ilikuwa pembeni, upande wa Baba Mdogo. Ikatingishika, ikatulia, ikajiburuta kidogo kuelekea katikati. Baba Mdogo alipiga ukelele ambao nadhani ulisikika hadi Matogoro. "Inavuta! Jamani inavuta! Kaka, umeona?" Jirani mmoja akapiga ishara ya msalaba. Baba, mtu mzima mwenye heshima zake, alisimama akakaa akasimama tena. Mgeni mwenyewe alirudi nyuma hatua nzima na macho yamemtoka, na leo ninapoukumbuka ule uso najua kwamba yeye alishangaa kuliko sisi wote. Mimi nililia kwa sauti. Mtakatifu wangu alikuwa amenisaliti mchana kweupe.

Shangazi Skola aliinuka bila haraka. Akauinamia ungo, akaichukua ile punje kwa kidole gumba na cha shahada, akaipandisha juu watu wote waione. Nyuma ya punje, miguu ikirushwa hewani, alikuwepo fukusi mweusi mnene.

"Gaude," akasema, "huyu ndiye rupia yako. Muuze."

Sijawahi tena kusikia kicheko cha namna ile kwenye nyumba yetu. Mama alikaa chini kabisa, sakafuni. Mgeni alijaribu kuongea juu ya vicheko, akasema mchele huu ni wa zamani, unatakiwa mpya, tena kuna dawa ya kuiamsha rupia ambayo watu huwa wanachangia kwanza. Baba alikuwa akijifuta macho. "Mgeni wetu," akamuuliza kwa upole, "basi lako la Njombe linaondoka saa ngapi?" Baba Mdogo naye, nampa haki yake, alicheka mwisho kabisa lakini alicheka, halafu akamfuata dada yake jikoni kuomba radhi kwa yale maneno ya kukaa na kula. Mchele ulichekechwa na jioni tukaula na maharage.

Ilikuwa lazima nitoe shukrani. Mtakatifu alikuwa amekaa kimya, aliyetembea ni mdudu, na mimi nilikuwa nimemlaumu bure. Nikachukua kipande cha mshumaa jikoni, nikaenda chumbani kwa Shangazi, nikamwambia nataka kumwashia mtakatifu wake. Akaniuliza mtakatifu yupi. "Huyu wa kwenye rupia. Mwenye Roho Mtakatifu kichwani. Mimi ndiye niliyemwomba asivute mchele."

"Yesu na Maria na Yosefu," akasema Shangazi. Akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha nikaona kicheko kinamwishia usoni, akanivuta nikae kitandani, akaniuliza nimekuwa nikimwomba tangu lini. Nilipomwambia, hakunikaripia. Alinifungia kile kipande cha mshumaa kwenye karatasi, akasema tutakitumia kesho.

Kesho yake baada ya Misa hatukurudi nyumbani moja kwa moja. Alinipeleka mtaa wa Mahenge, hapohapo mjini, kwenye makumbusho ya Majimaji, mahali nilipokuwa nimepita mara nyingi nikiona sanamu tu. Alinishika mkono tukapita mbele ya wale wazee waliochongwa, mmoja baada ya mwingine, akinitajia aliowajua na wale waliokuwa na ukoo na sisi kwa upande wa bibi. Akaniambia kwamba walinyongwa hapa mjini, wakazikwa pamoja, na watu waliobaki walikufa kwa njaa kwa sababu mashamba na maghala yalichomwa moto. Halafu akaitoa rupia kwenye pindo la kanga.

"Waliofanya haya walikuwa watu wa huyu. Huyu alikuwa mfalme wao huko Ujerumani. Na hii siyo Roho Mtakatifu, mwanangu. Ni kofia ya chuma ya askari. Huyo ni tai wa kofia."

Sijui kama mnaweza kuelewa mtoto anavyojisikia akigundua amembusu nani. Nilitema mate, nikafuta midomo kwa kiwiko mpaka ikawaka. Nilikasirika kwa hasira kubwa kuliko mwili wangu, na hasira yenyewe ikamwendea Shangazi, maana ndiye aliyemweka mtu huyo kwenye kopo moja na sungura wangu. Nikamwambia tumtupe chooni. Nilisema kwa sauti, mbele ya mlinzi, mbele ya wazee wote wale wa mawe.

Shangazi akauwasha kwanza mshumaa, tukauweka chini pale kwenye kaburi, kipande kile kifupi kilichopindapinda. Ndipo akanijibu.

"Nikimtupa, nitakuwa nimetupa na miguu ya babu wa yule bibi. Hiyo moja. Ya pili ni hii. Huyu alikuwa anaamuru watu wafungwe, wanafungwa. Wabebe mizigo, wanabeba. Sasa anakaa kwenye kopo la maziwa, chumbani kwa mwanamke wa Songea anayeuza mitumba, chini ya sungura. Nikitaka atoke, anatoka. Nisipotaka, hatoki. Mama yako ananiuliza napata raha gani. Raha ndiyo hiyo."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi nikiwa mbele. Nilikuwa nikiringa, kusema kweli. Nilijiona nimetoka kwenye nyumba yenye mamlaka.

Tangu hapo sikuwahi tena kuzifanyia sarafu harusi bila kuuliza kwanza kila mmoja ni nani na alifika vipi. Nadhani hapo ndipo ugonjwa uliponiingia, na sijutii. Kazi yangu leo ni ya ofisini na mshahara wangu unaingia kwenye simu. Unaingia kimya na kutoka kimya, sijui rangi yake wala uzito wake, na haujawahi kuniambia ulikuwa kwa nani. Kwa hiyo nikisafiri narudi na chenji ya kila mpaka. Wenzangu wa kazini wananiletea za kwao, wakinicheka, kisha wanakaa kwenye ukingo wa meza yangu na kunisimulia zilikotoka, na mtu aliyekuja kucheka anaondoka amechelewa kikao. Sijaona kitu kingine kidogo namna ile kinachofungua midomo ya watu.

Yule bibi wa Maposeni alikuja kuiona rupia mara mbili tatu, akaishika, akaulizia bei za masweta, akaenda. Baadaye alianza kuja mjukuu wake, yule wa koti jekundu, sasa akiwa na watoto wake. Shangazi Skola alitutoka mwaka jana, kwa amani, akiwa ameshaniagiza kuhusu mambo mawili: avalishwe kitenge chake cha kijani, na kopo nikalichukue mimi kabla matanga hayajaondolewa.

Baba Mdogo Gaudensi bado yupo, kichwa cheupe, mipango ileile. Mwezi uliopita alikuja kwangu na simu yenye kioo kilichopasuka, akanionyesha kundi la watu wanaotafuta rupia za Mjerumani. Mamilioni, mama, si utani. Na marehemu alisema isiguswe mpaka afe, na ndiyo hivyo ameshakufa, Mungu amlaze pema. Nilimwandalia chai. Nikamwambia, "Baba Mdogo, mchele ninao jikoni, tena huu wa sasa hauna fukusi. Nilete ungo?" Alicheka mpaka chai ikamtoka puani, na simu ikarudi mfukoni.

Binti yangu alikuwa anatusikiliza. Yuko kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza mwaka huu. Babu yake huyo alipoondoka alikileta kijiko mwenyewe, akabandua kifuniko, akachambua weee mpaka akaipata. Akaisogeza dirishani kwenye mwanga. Niliuona uso wake unavyobadilika, nikajua anachokiona kabla hajakisema.

"Mama, huyu ana ndege kichwani. Ni mtakatifu gani?"

"Huyo si mtakatifu," nikamwambia. "Huyo ni mfungwa wa Shangazi Skola. Mrudishe chini ya sungura, ukaze kifuniko. Jumapili tukitoka Misa nitakupeleka mahali."